Mikono Iliyoganda Hewani

Mgonjwa alikuwa amekula mayai. Hilo halikuwa na ubishi.

"Ya kukaanga au ya kuchemsha?" Inspekta aliuliza.

"Dada, inahusu nini?"

"Sijui bado. Jibu."

"Ya kukaanga. Na mkate, na chai ya maziwa." Mdogo wake alijitupa kwenye kochi. "Alifika hospitali ameshiba, anatabasamu, tayari kupasuliwa goti. Daktari wa usingizi akamuuliza amekula lini. Akajibu kwa furaha kwamba amekula asubuhi hii hii, kama alivyoelekezwa. Na aliyemwelekeza ni mimi."

Inspekta alikuwa likizoni. Alikuja kwa mdogo wake kula, kulala na kutoulizwa kitu na mtu yeyote. Alisukuma kikombe chake pembeni.

"Nionyeshe ulivyomwambia. Kwa mikono."

Mdogo wake alikuwa mkalimani wa lugha ya alama. Hospitali ilikuwa upande wa pili wa jiji na wagonjwa wake viziwi walimwona kwenye skrini, yeye akiwa chumbani kwake mbele ya ukuta wa kijivu. Daktari akisema, yeye anaonyesha kwa mikono. Mgonjwa akijibu kwa mikono, yeye anasema kwa mdomo. Aliinuka, akarudia sentensi yenyewe. Vidole vilikwenda mdomoni: kula. Kiganja kikapanda taratibu nyuma ya mkono mwingine kama jua: asubuhi. Kisha mikono yote miwili ikafyeka hewa na uso ukakunjamana: marufuku.

"Katazo linakuja mwisho," Inspekta alisema.

"Siku zote linakuja mwisho."

"Na yeye aliona nini?"

"Aliona kula. Aliona asubuhi. Halafu, anasema, nikaganda kama picha ya kitambulisho. Niliporudi nilikuwa namuaga."

"Alikuona umeganda, hakusema kitu?"

"Ni mtu mwenye adabu. Alidhani nawaza."

Kutoka jikoni Mama yao alitokea na kitambaa cha vyombo begani. Alikuwa kiziwi tangu utotoni, na mabinti zake wote wawili walijua kuomba maji kwa mikono kabla hawajajua kuyaomba kwa mdomo. Mmoja aliifanya kuwa kazi. Mwingine alikwenda polisi, ambako mikono hutumika kwa shughuli nyingine.

"Umeshamwambia habari ya leo?" Mama aliuliza kwa mikono.

"Habari gani ya leo?" Inspekta alimgeukia mdogo wake.

"Msimamizi wa huduma pale hospitali atanipigia alasiri. Simu ya majaribio. Malalamiko yamekuwa mengi. Nikiganda tena mbele yake, zamu zangu anapewa mtu mwingine." Alijaribu kucheka. "Amesema kwa upole sana. Ndiyo maana nimeogopa."

Historia ilikuwa fupi. Mtaa ule ulikuwa na mtandao wa waya mpaka barabara yake ilipoanza kupanuliwa. Tingatinga likapita na waya, kampuni ya waya ikaomba radhi na kuondoka. Kila nyumba ikabaki kuchagua mtandao wa simu: unanunua ruta yenye laini ndani, unaichomeka ukutani, umemaliza. Kampuni zilikuwa tatu na watu walizitaja kwa rangi za fulana za wauzaji wao. Bluu, Njano na Zambarau. Mkalimani alichukua Bluu kwa sababu jirani wa juu alikuwa na Bluu, na jirani wa juu aliichukua kwa sababu jirani wa kushoto alikuwa nayo.

"Kwa upande wako unamwonaje mgonjwa?" Inspekta aliuliza. "Naye anaganda?"

"Hata kidogo. Namwona mpaka vinyweleo vya nyusi. Ndiyo maana muda wote nilikuwa nalaumu skrini zao."

Inspekta aliinuka, akachukua viatu vyake.

"Unakwenda wapi? Si uko likizo?"

"Nilikuwa."

* * *

Alianza na wizi, kama alivyoanza siku zote. Ukurasa wa ruta ulionyesha vifaa vilivyounganishwa. Simu ya mkalimani, kompyuta yake, televisheni ya Mama. Halafu kulikuwa na kifaa kilichojiita "Kinyozi Mkali", kingine kilichojiita "Kinyozi Mkali TV", na msururu wa simu ambazo hakuna aliyezijua.

Saluni ya kinyozi ilikuwa chini ya ngazi. Wateja wanne walikuwa wameketi kwenye benchi, shingo zote zimeinamia simu. Ukutani televisheni ilionyesha mechi. Kinyozi alikuwa amesimamisha mashine juu ya kichwa kilichonyolewa nusu ili aone kona inavyopigwa.

"Mechi tamu?" Inspekta alisema.

"Tamu sana, dada. Karibu. Utasubiri kidogo."

"Mimi ni dada yake mkalimani wa juu. Yule unayekula mtandao wake."

Mashine ilizimwa. Mwenye kichwa cha nusu aliwatazama kupitia kioo.

"Afande," kinyozi alisema, maana mtaa wote ulijua kazi ya dada mkubwa, "mimi sijaiba. Mimi nimepewa."

"Na nani?"

"Na Mama. Mama yenu mwenyewe. Alikuja kupumzika hapa joto lilipozidi, nikampa kiti cha karibu na feni. Siku ya pili akaniandikia neno la siri kwenye karatasi, akanipa hivi." Aliiga: mkono mmoja kifuani, mwingine ukitoa kitu kwa heshima. "Ningekataa zawadi ya mtu mzima?"

"Ukawapa na wateja."

"Sasa mteja akikuomba utamnyima? Atahamia kwa yule wa kona."

Inspekta alipanda ngazi. Mama alikuwa anakausha sahani.

"Ulimpa kinyozi neno la siri?"

Mama aliweka sahani chini ili apate mikono. "Ana feni nzuri."

"Mama!"

"Wewe unanitembelea mara ngapi kwa mwaka? Yule ananisalimia kila siku. Vibaya, lakini ananisalimia. Jana alitaka kuniuliza kama nimelala vizuri, akaniuliza kama nimeoga."

Neno la siri likabadilishwa. Kutoka chini ulisikika mguno mmoja mkubwa wa watu waliokosa penalti. Vifaa vikabaki vitatu.

"Kesi imekwisha," mkalimani alisema, akipumua.

"Kesi haijajaribiwa. Mama, vaa viatu. Twende kwa mwoka mikate."

"Njaa?"

"Ushahidi."

Kosa la watu wote wa nyumba ile, Inspekta aliwaeleza wakiwa mlangoni, lilikuwa kuchunguza mahali pasipo na tukio. Mkalimani alikaa chumbani kwake, akatazama skrini yake, akaona kila kitu safi, akatoa hukumu. Lakini mikono yake haikuganda chumbani kwake. Iliganda kule ilikokwenda. Aliyetaka kuiona lazima asimame kule.

Duka la mikate lilikuwa barabara ya nyuma, ambako tingatinga lilikuwa halijafika na waya ulikuwa bado uko juu ya nguzo. Mwoka mikate, mama mnene mwenye unga mpaka kwenye kope, alisema mtandao ni wa wateja. Inspekta akaagiza keki mbili na chai. Aliegemeza simu yake kwenye chombo cha sukari, akampigia mdogo wake kwa video, akaigeuza imtazame Mama.

"Mwambie sentensi ndefu," alimwambia mdogo wake. "Mimi sitaki kuijua, na Mama asiambiwe mapema. Shahidi haandaliwi."

Mikono ya mkalimani ilicheza kwenye skrini. Mama alitazama, akatafuna keki, akamgeukia Inspekta.

"Anasema ameficha kiatu cha mjomba chini ya sufuria kubwa, lakini nisimwambie mke wake. Kwa nini amefanya hivyo?"

"Hajafanya. Ni jaribio. Iliganda?"

"Hapana. Lakini ni sufuria ipi?"

Walirudia mara kadhaa. Bluu haikukosea hata mara moja. Mkalimani alipiga makofi huko nyumbani. Inspekta hakupiga.

"Zamu zako unafanya lini?" aliuliza.

"Mchana, baada ya chakula. Asubuhi madaktari wanazunguka wodini."

"Na hii ruta ulipoinunua, muuzaji aliijaribu lini?"

"Asubuhi."

"Na sasa ni lini?"

"Asubuhi," mkalimani alisema. Makofi yakaisha.

* * *

Bwana wa Bluu alikuwa na kibanda chenye mwavuli mbele ya duka la dawa. Alikuwa na fulana ya bluu iliyombana tumbo na sauti ya mtu anayetangaza harusi.

"Karibu mama, karibu kwenye kasi! Hapa hakuna kusubiri, hapa ni kufumba na kufumbua!"

"Nionyeshe."

Alitoa simu yake, akabonyeza kipimo cha kasi. Mshale uliruka kutoka upande mmoja wa skrini hadi mwingine kama umechomwa sindano. Namba kubwa ikawaka.

"Umeona? Umeona mwenyewe?" Akazima simu, akairudisha mfukoni.

"Tena."

"Kwa furaha!" Mshale uliruka, namba ikawaka, simu ikarudi mfukoni.

"Tena. Safari hii niishike mimi."

Bwana wa Bluu alisita kidogo tu, lakini Inspekta alikuwa amelipwa mshahara miaka mingi kwa ajili ya kuona watu wakisita. Aliichukua simu. Mshale uliruka, namba ikawaka. Inspekta hakuzima. Mshale ulirudi chini, ukatulia, ukaanza kupanda mara ya pili.

"Na huu?"

"Huo ni... huo ni wa pili. Watu hawautazami."

"Watu hawautazami kwa sababu unawanyang'anya simu. Unapima nini?"

"Wa kwanza ni kupakua, mama. Kinachokuja kwako. Filamu, mpira, muziki. Wa pili ni kupakia. Kinachotoka kwako kwenda nje." Alifuta jasho. "Lakini nani anatoa kitu? Watu wote wanapokea."

"Mdogo wangu anatoa," Inspekta alisema. "Mikono yake."

Mshale wa pili ulikuwa umefika nusu ya njia na kusimama. Haukuwa mbaya. Kwa asubuhi, mwoka mikate na Mama wangethibitisha, ulitosha.

"Na mchana unakuwaje?"

"Mchana sijawahi kupima. Mchana nauza pale mbele." Alionyesha kwa kidevu jengo la ghorofa tatu lililotazamana na nyumba ya mkalimani, lenye madirisha makubwa. Bango lake lilisema chuo cha urembo. "Wale ndio wateja wangu, mama! Chuo kizima ni Bluu! Tuna bando maalumu la mwanachuo."

"Maalumu kwa nini?"

"Kwa laivu," alisema kwa fahari. "Anarusha video zake bure mpaka achoke."

Inspekta alimrudishia simu yake.

"Mama, hununui?"

"Umenisaidia sana," Inspekta alisema, na bwana wa Bluu akabaki akiwaza amesaidia nini.

* * *

Baada ya chakula cha mchana Inspekta alisimama kwenye dirisha la chumba cha mkalimani. Upande wa pili wa barabara mapazia ya chuo yalifunguliwa. Taa za duara ziliwashwa, moja, mbili, kisha ghorofa nzima, kisha ghorofa zote. Mbele ya kila taa palikuwa na simu juu ya stendi, na mbele ya kila simu msichana akipaka wanja huku akiongea na dunia.

"Kila siku?" Inspekta aliuliza.

"Vipindi vya vitendo," mkalimani alisema, akisogea kando yake. "Asubuhi wanasoma nadharia. Walimu wanataka wawe na wafuasi kabla ya kuhitimu. Ni sehemu ya mtihani, nasikia." Mkono wake ukapanda mdomoni. "Wote wanarusha."

"Wote wanarusha, wote kwa Bluu, na mnara wa Bluu wa mtaa huu ni mmoja. Mama akitazama tamthilia muda huu inakatika?"

"Haikatiki hata kidogo. Jana alilia sehemu tatu mfululizo."

"Kwa sababu njia ya kuingia iko wazi. Iliyoziba ni ya kutoka. Wewe umepanga foleni nyuma ya chuo kizima cha wanja." Inspekta alikwishaanza kuvaa viatu. "Hayo ni maelezo tu. Sasa tuyathibitishe. Mwambie Mama, keki!"

Mama alikuwa tayari mlangoni.

Kwa mwoka mikate simu iliegemezwa tena kwenye chombo cha sukari. Mkalimani alianza kuonyesha. Mama aliinama mbele. Halafu alirudi nyuma, akakunja uso, akasubiri. Kwenye skrini mkalimani alikuwa amesimama mdomo wazi, mkono mmoja hewani, jicho moja limefumbwa.

"Amesema nini?" Inspekta aliuliza.

"Amesema mjomba ni mbuzi," Mama alijibu. "Hilo nalijua. Halafu?"

Skrini ilishtuka. Mkalimani alirudi akiwa anamalizia. Inspekta aligeuza simu.

"Umesema nini?"

"Nimesema mjomba anakuja Jumapili, analeta mbuzi wawili, Mama asipike chochote."

Inspekta alimweleza Mama. Mama alikataa. "Mimi nimeona mjomba, nimeona mbuzi. Nakwambia nilichokiona. Na mwambie afumbe mdomo akiganda, anaonekana mjinga."

Bluu ilikuwa imekamatwa. Ikabaki kutafuta mbadala, na alasiri ilikuwa inakaribia.

Duka la Zambarau lilikuwa na kiyoyozi, viti laini na mwanamume mwenye tai iliyolingana na kuta. Alisema mtandao wao ni wa kisasa kuliko yote. Inspekta alisema vizuri, anataka kuujaribu nyumbani sasa hivi.

"Bila shaka. Mkisaini mkataba wa miaka miwili, fundi atakuja wiki ijayo."

"Nataka kujaribu kwanza, nisaini baadaye."

"Utaratibu wetu ni mkataba kwanza."

"Bwana, mimi hata mshukiwa wangu namsikiliza kabla sijamfunga," Inspekta alisema, akaondoka na Mama, ambaye alikuwa amefurahia kiyoyozi na alitoka shingo upande.

Njano haikuwa na duka. Ilikuwa na dada mmoja mwenye meza kwenye varanda ya fundi cherehani, fulana yake ya njano imepauka kwa kufuliwa, mguu wake umeinuliwa juu ya kiti kingine. Alikuwa anakula karanga. Hakumwita mtu.

"Kasi yenu ikoje?" Inspekta aliuliza.

"Ya kawaida."

"Ya kawaida?"

"Dada yangu, nikikudanganya utarudi kunisumbua. Filamu itakuja, lakini itafikiri kidogo kwanza. Ukitaka ya kuruka, nenda kwa yule mwenye tumbo."

"Kupakia je?"

Dada wa Njano aliacha kutafuna. Alishusha mguu. "Hilo swali sijawahi kuulizwa na mtu. Kupakia hakuna shida, maana huku watu ni wachache. Watu wote wamekimbilia Bluu. Mnara umebaki unatazamana na mimi."

"Kuna kikomo?"

"Kipo. Bango linasema bila kikomo, lakini ukizidisha matumizi wanapunguza kasi mpaka mwezi uishe. Ukifanya kazi tu, hufiki. Ukiweka na mtu wa tamthilia, unafika mapema sana."

Inspekta alimtazama Mama. Mama alikuwa anasoma midomo ya dada wa Njano kwa makini, na neno tamthilia alilijua midomoni mwa mtu yeyote.

"Mimi nabaki na Bluu yangu," Mama alisema kwa mikono, haraka, kabla mjadala haujaanza. "Mpaka bando liishe. Halafu tutaongea."

"Nikitaka kujaribu?" Inspekta aliuliza.

Dada wa Njano aliinama chini ya meza, akatoa ruta ndogo iliyofungwa kwa mpira. "Hii ya majaribio. Usiporidhika irudishe, tusikorofishane."

* * *

Ruta ya Njano ilionyesha vipande viwili vya mtandao kati ya vitano. Mkalimani alipoviona alitaka kulia.

"Dada, viwili! Bluu ilikuwa inajaza vyote!"

"Bluu ilijaza vyote ukaganda. Isogeze dirishani. Siyo hapo, hapo kuna pasi. Juu ya kabati. Basi. Kaa mbele ya ukuta wako."

"Msimamizi anaweza kupiga muda wowote."

"Basi usipoteze muda kuongea na mimi."

Inspekta na Mama walirudi kwa mwoka mikate karibu wanakimbia. Mwoka mikate hakuuliza, alileta keki. Kule barabara ya mbele, juu ya mapaa, taa za duara za chuo bado zilikuwa zinawaka.

Mkalimani alionekana kwenye simu. Picha haikuwa safi kama ya asubuhi, kingo zake zilikuwa na ukungu kama kioo cha bafuni. Alivuta pumzi, akaanza. Alionyesha sentensi ndefu kuliko zote, bila kupumzika, na mwishoni mikono ikafyeka hewa.

Mama alimaliza kutazama ndipo akanyanyua mikono.

"Jirani wa juu amenunua kitanda kikubwa, hakikupita mlangoni, wamekikata miguu, bado hakikupita, sasa kimelala kwenye ngazi za juu na mkewe amelala kwa dada yake. Na tusicheke tukikutana naye." Alifikiri. "Hii ni jaribio au ni kweli?"

Inspekta aligeuza simu. "Mama anauliza kama ni kweli."

"Ni kweli," mkalimani alisema. "Nimekiruka asubuhi nikipanda kuanika nguo."

"Uso wake kama umenyeshewa," Mama aliongeza. "Lakini mikono yote ipo."

"Rudia," Inspekta alimwambia mdogo wake. "Kitu kingine. Mara nyingi."

Walirudia mpaka chai ikapoa. Kila sentensi ilifika nzima, makatazo yake yote yakiwa mahali pake. Mara ya mwisho mkalimani hakumaliza. Aligeuka pembeni, akatazama kompyuta yake.

"Msimamizi anapiga," alisema. Simu ikakatika.

* * *

Walipofika, mlango wa chumba ulikuwa umefungwa. Ndivyo kazi ile ilivyotakiwa, mambo ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Inspekta aliweka sikio mbali na mlango kwa heshima. Lakini mlango wenyewe ulikuwa mbao nyembamba, na sauti ya msimamizi ilipita kama haina habari na mbao.

"...jaribio tutalifanya siku nyingine. Nina mama hapa, uchungu umemshika, hasikii, mumewe yuko safarini, na mkunga anaongea na ukuta. Uko tayari au hauko?"

"Niko tayari," mkalimani alisema.

Inspekta alimtazama Mama. Mama alimtazama Inspekta.

"Jaribio?" Mama aliuliza.

"Hapana. Kazi."

Mama alivuta kiti cha jikoni, akakaa, akashika kitambaa cha vyombo kwa mikono miwili. Inspekta alisimama dirishani. Chuo kizima kilikuwa hewani. Msichana wa ghorofa ya pili alikuwa anabandika kope bandia kwenye jicho moja na kusoma maswali ya watazamaji kwa jingine.

Chumbani kulikuwa kimya, na kimya kile hakikumwambia Inspekta kitu. Mkalimani akifanya kazi vizuri hasikiki. Akiganda pia hasikiki. Sauti ya mkunga ilipenya kwa mbali: usisukume, bado, usisukume. Inspekta alifuata akilini katazo lile lilikokwenda, kutoka kwa mkunga hadi hapa, kutoka hapa hadi kule, mwishoni kabisa mwa sentensi.

Kisha mkalimani akaongea, kwa sauti isiyo yake, ya mwanamke aliyechoka na mwenye hasira.

"Nimeelewa, sisukumi. Lakini mwambieni huyu mtoto naye aelewe!"

Mtu alicheka kule hospitali. Inspekta aligundua alikuwa ameshika pazia, akaliachia.

"Vipi?" Mama aliuliza.

"Inafika," Inspekta alijibu.

Walikaa. Chai ilichemshwa, hakuna aliyeinywa. Mkunga alibadilisha maneno: sasa, sukuma, tena, sukuma. Mlango ulitikisika kidogo kila mkalimani alipoonyesha, kana kwamba naye anasukuma. Halafu kukawa na kelele nyingi kwa pamoja, na juu ya kelele zote kilio kimoja chembamba, kikali, kisichokoma.

Inspekta alionyesha kwa Mama: mtoto.

Sauti ya mkunga: "Mwambie ni msichana. Mwambie mzima kabisa."

Kisha mkalimani, kwa ile sauti ya kuazima, ambayo sasa ilikuwa imelainika.

"Naona mdomo wake uko wazi. Analia?"

"Analia sana," alisema mkunga.

"Analiaje? Mwambieni mkalimani anionyeshe."

Inspekta alisikia kiti cha mdogo wake kikisogezwa nyuma. Mkalimani alikuwa amesimama ili apate nafasi. Kupitia mwanya wa chini ya mlango kivuli chake kilionekana sakafuni, mikono ikifunguka na kujifunga haraka haraka, ikipanda, ikitetemeka, ikishuka, ikipanda tena juu zaidi. Ilichukua muda mrefu. Haikusimama hewani hata mara moja.

Kisha mkalimani akaongea tena, na safari hii alihangaika kutenganisha kicheko chake na cha yule mwanamke.

"Kumbe. Kelele hizo ni za ukoo wa mume wangu. Mrudisheni alikotoka!"

Chumba cha kujifungulia kilipasuka kwa vicheko, na Inspekta akacheka peke yake jikoni, mkono mdomoni.

Mama alimpiga goti kwa kitambaa. "Nini? Wamesema nini?"

"Siruhusiwi kukwambia. Ni siri ya mgonjwa."

"Unacheka siri?"

"Laini haijakatika, Mama. Nacheka hiyo."

Mama aliutazama uso wake kwa makini, kama alivyokuwa akimtazama alipokuwa mdogo na amerudi nyumbani na hadithi.

"Polisi mwongo," alisema kwa mikono, akainuka kumimina chai upya, vikombe vitatu.